Vinundu vya Boga la Mama Mkwe

Mume wangu hawezi kuona kipele akakiacha. Sisemi kwa ubaya, ni kazi yake. Miaka thelathini na mmoja amekuwa akipiga picha za vitambulisho na vyeti katika chumba kimoja cha hatua sita kwa tano, na sikumbuki mtu aliyetoka mlangoni na sura mbaya kuliko aliyoingia nayo. Ukiingia na macho mekundu ya kukosa usingizi, kwenye picha yanatoka meupe. Kovu la shavuni utarudi nalo nyumbani, lakini kwenye bahasha halimo. Watu wa mtaani wanamwita Bwana Safi, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Mimi nakaa mezani mbele. Napokea wateja, nawanyoosha kola, na shati likiwa pana nalibana kwa pini mgongoni ambako kamera haifiki. Yeye anakaa nyuma ya pazia la buluu na taa zake mbili na stuli yake ya duara, anasema maneno yaleyale kutoka asubuhi mpaka jioni: "Inua kidevu kidogo. Hapo hapo. Usipumue." Kuna siku aliniambia hivyo nikiwa nakunywa chai.

Ana sheria moja ambayo haivunji. Kila jioni kabla hatujafunga mlango, kila picha ambayo hajaitengeneza inafutwa. Kwenye kompyuta anahifadhi iliyolainishwa juu ya ile ya asili, na kadi ya kamera anaifuta yote. Sheria hiyo ilianza enzi za filamu, siku bibi harusi mmoja alipokuta picha zake zilizoharibika zikipita mkono kwa mkono kwenye duka la jirani, watu wakivunjika mbavu. Alikuja kulia hapa mezani kwangu mpaka wanja ukamfika kidevuni. Jioni ile mume wangu alichukua mkasi, akakata filamu zote za wateja vipande vipande, akaapa kwamba sura mbovu ya mtu haitalala tena humu ndani. Nilimwona mtu wa heshima, na mpaka leo namwona hivyo, ingawa mwaka huu sheria yake ilikaribia kututoa roho.

Kazi yenyewe alipewa na dada yake, na hapa lazima nieleze, maana bila wifi yangu huyu hakuna cha kusimulia. Amemzidi mume wangu miaka kumi. Baba yao alipofariki, mama mkwe alikuwa mgonjwa mgonjwa, na kijana wa kiume amemaliza shule anashinda kibarazani akihesabu magari. Wifi akamvumilia mwezi mmoja. Wa pili ulipoanza, alibeba boga kubwa kwa mkono wa kushoto, wa kulia akamshika mdogo wake kifundo cha mkono, akaenda naye moja kwa moja kwa mzee aliyekuwa na studio hii. Akasema, "Boga ni zawadi. Huyu ni mwanafunzi." Mzee akajibu kwamba hataki boga wala mwanafunzi. Wifi akaviweka vyote viwili chini na kuondoka bila kugeuka nyuma. Mzee aliishia kuvipokea vyote viwili.

Kwa hiyo mimi wifi yangu akiingia, nasimama. Nilipata mume mwenye kazi mkononi, watoto wetu watatu wamesoma kwa stuli ile ya duara, na paa letu halivuji. Asubuhi nikifungua kufuli la studio namshukuru wifi kwa sauti, hata kama hayupo. Muuza magazeti wa pembeni alishazoea, haniulizi tena naongea na nani.

Wifi ni mkulima wa maboga. Si haya ya kawaida ya mviringo ambayo kila mtu anayajua. Kwenye kiwanja alichopangisha nyuma ya kiwanda cha matofali alikuwa na boga lenye shingo ndefu iliyojikunja, na lingine limevaa kilemba juu ya kichwa chake lenyewe. Alikuwa na mamumunye ya kijani yenye michirizi ya njano. Alikuwa na boga la buluu, nikisema buluu nina maana buluu, na jingine dogo jeupe lenye mbavu nyingi ambalo halikui likazidi ngumi. Na alikuwa na lile la mama mkwe.

La mama mkwe lilikuwa la kijivu, bapa, zito kuliko unavyolidhania, na lilijaa vinundu kutoka kwenye kikonyo mpaka makalioni. Vikubwa kama kunde, vidogo kama mtama, vimesongamana. Mtu asiyelijua angesema linaumwa. Mama mkwe alipokea mbegu yake kwa mama yake, naye wifi akaipokea kwa mama mkwe, na wote watatu waliilinda kwa njia moja, kwa sababu maboga hayana adabu. Ukiyapanda jirani yanachanganyika, mwaka unaofuata unavuna kitu ambacho hakifanani na baba wala mama. Ndiyo maana wifi huamka alfajiri, ua la kike kabla halijafunguka, analichanua kwa vidole, anatia yeye mwenyewe unga wa ua la kiume la kabila lake, halafu anafunga ua kwa uzi mwekundu ili nyuki wasije wakaleta ya kwao. Uzi mwingine kama huo anaufunga kwenye kikonyo kuwa alama, nao unabaki mpaka siku ya mavuno. Nilimuuliza siku moja kama hachoki kuwa mshenga wa maboga. Akanijibu, "Nimechoka na watu, wifi. Maboga bado."

Kila mwaka asubuhi zikianza kuwa na ubaridi na mashina yakikauka, huleta yale ya ajabu studio ili mdogo wake ayapige picha. Hapo ndipo utamjua mume wangu. Analikalisha boga kwenye stuli ya wateja, analizungusha, anarudi nyuma ya kamera, anatoka tena, analifuta vumbi kwa kitambaa chake cha lenzi. Na anasema, bila kucheka, "Inua kidevu kidogo." Mwaka juzi mwalimu mmoja aliyekuja na haraka ya picha ya kitambulisho aliniuliza kama foleni inahesabu na maboga. Nikamwambia inahesabu, na hilo la kilemba limefika kabla yako.

Picha za maboga zilikaa ukutani juu ya meza yangu, fremu sita za miaka sita. Watu walizisifu mno. Kuna waliodhani tunauza.

Sasa mwaka huu. Magoti ya wifi yamegoma kabisa, na mwenye kiwanja anataka kujenga. Binti yake alimwandalia chumba kwake, ghorofa ya nne, mahali ambapo hata kitunguu huwezi kukipanda. Wifi hakulalamika. Alitupigia simu akasema mambo mawili: anahama mwisho wa mwezi, na amepata pa kuiweka mbegu ya mama.

Kuna kituo cha mbegu upande wa pili wa mji, jengo refu la matofali lenye chumba cha baridi ambamo mbegu za zamani zinahifadhiwa miaka na miaka, na nyingine hupandwa na kugawiwa kwa wakulima. Walikuwa wanapokea mbegu za watu, lakini kwa masharti. Lazima tunda liwe limefungwa ua kwa mkono. Lazima mbegu zitoke kwenye tunda lilelile lililopigwa picha, pande nne, likiwa zima. Na dirisha la mapokezi linafungwa Ijumaa saa nne asubuhi, mpaka mwaka mwingine. Wifi hakuwa na mwaka mwingine. Ukame ulimwachia boga moja tu la mama mkwe lenye uzi mwekundu, na hilo moja lilikuwa limeanza kulainika karibu na kikonyo. Mbegu akiba hakuwa nazo, panya walimaliza chupa yote ya mwaka jana. Hilo lilikuwa la mwisho duniani tunakokujua sisi.

Akalileta Jumanne, amelifunga kwa kanga na kulipakata kifuani. Mume wangu alifunga studio saa nzima. Sijapata kuona akifanya hivyo hata kwa harusi. Alipiga mbele, nyuma, juu na chini, halafu akarudia, halafu akarudia tena. Alipomaliza aliweka mkono juu ya boga na kuniambia kwa sauti ya chini, wifi akiwa amekwenda kunawa, "Hii ndiyo asante yangu kwa dada. Sijawahi kumpa nyingine."

Wifi akalipasua palepale, kwenye meza ya chumba cha nyuma ya studio tunakopikia. Akatoa mbegu, akaziosha, akazitandaza kwenye gazeti. Kikonyo chenye uzi alikitia mkobani. Boga lililobaki alinipa mimi. Ganda lake ni gumu na chungu, kwa hiyo nililitoa likiwa bichi kwa kisu kikubwa, mapande mapana yenye nyama kidogo iliyogandia, nikayatupa kwenye ndoo ya maganda. Nyama nikaichemsha. Tulikula sote watatu tukimtaja mama mkwe kwa kila tonge. Mume wangu aliongeza mara mbili.

Jioni akakaa kwenye kompyuta. Asubuhi nikachapisha picha nne, nikazitazama, nikasema moyoni, jamani, limependeza. Nikazitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi mimi mwenyewe. Wifi akaipokea Jumatano bila kuifungua, maana picha za mdogo wake hazikaguliwi.

Alhamisi saa tano asubuhi wifi aliingia studio. Nikasimama. Hakunisalimu, na huyo ni mwanamke anayesalimia hata mlango. Aliweka bahasha mezani na kuketi kwenye kiti cha wateja.

"Wamezikataa," akasema.

"Mbegu?"

"Picha. Mama wa fomu pale kituoni kaniuliza, bibi, umeandika ganda la vinundu, viko wapi? Nikachukua miwani. Nikatazama." Akaisukuma bahasha kwangu. "Itazame na wewe, wifi. Safari hii itazame vizuri."

Nikazitoa. Boga la kijivu, linang'aa, laini kama shavu la mtoto. Hakuna kinundu hata kimoja. Vile vya kunde havimo, vya mtama havimo. Nilikuwa nimelishika boga lile kwa mikono yangu Jumanne, vidole vyangu vinajua, na Jumatano nikaangalia picha zile nikaona uzuri tu. Miaka yote ya kukaa na Bwana Safi imeniharibu macho.

Mume wangu alitoka nyuma ya pazia. Alizitazama picha zote nne, moja baada ya nyingine.

"Dada, nilikuwa nalisafisha tu," akasema. "Mkono umezoea."

"Fungua zile za kwanza," nikamwambia. "Ambazo hujazigusa."

Akageukia kamera. Nikakumbuka sheria. Alihifadhi juu ya zile za asili, na kadi ilifutwa Jumanne jioni nikiwa nimesimama mlangoni na kufuli mkononi, nikimhimiza afanye haraka. Basi tukainua vichwa wote watatu kwa pamoja kuangalia ukutani, kwenye fremu zile sita. La mama mkwe lilikuwemo mara mbili, mwaka juzi na mwaka wa kwanza. Lakini ukutani mle maboga yote yalikuwa yametoka mabibi harusi. Hata lile la shingo ndefu alikuwa amelinyoosha kidogo.

"Hivi hukuwahi kuona, dada?" mume wangu akauliza. "Miaka sita?"

"Niliona. Nikadhani ni mapambo ya dukani, nikakuacha ufurahi." Akavua miwani. "Umelifanya kama ulivyomfanya mama."

"Mama nilimfanya nini?"

"Picha yake uliyonipa. Umewahi kuiona ukutani kwangu?"

"Ulisema fremu imevunjika."

"Fremu nzima. Imo sandukuni, uso chini. Yule si mama." Wifi akaweka kidole kwenye kidevu chake, upande wa kushoto. "Mama alikuwa na chunjua hapa. Mimi nimelala nimeishika hiyo chunjua mpaka wewe ulipozaliwa ukaninyang'anya. Ukaja ukaitoa kwa brashi."

"Nilitaka apendeze."

"Alikuwa anapendeza."

Mume wangu akakaa chini. Hakukaa kwenye kiti, alikaa sakafuni kabisa, mgongo ukutani, mtu wa miaka hamsini na mbili. Wifi hakupiga kelele, na nilitamani apige. Mimi nina hasira za karibu, nikikasirika nasema yote na kumaliza, lakini siku hiyo sikujua nimkasirikie nani, maana bahasha niliifunga mimi. Nikasimama nikaenda chumba cha nyuma ili nisilie mbele yao, na huko ndiko nilikoikuta ndoo ya maganda.

Ilikuwa tupu. Jirani yetu mfuga kuku huja kuichukua kila Alhamisi.

Sikuaga mtu. Nilitoka mbio na malapa, mimi na unene wangu huu, nikapita kwa muuza magazeti, nikakata kona, nikaingia uani kwa mfuga kuku bila kubisha hodi. Yeye alikuwa anateka maji. "Maganda!" nikamwambia. "Maganda ya boga yako wapi?" Akanionyesha kwa kidole, akidhani nimechanganyikiwa. Banda zima kuku walikuwa wameinama juu ya mapande yangu.

Nitawashukuru wale kuku mpaka nife. Walikuwa wamedonoa nyama yote iliyogandia ndani, wakaifikia ngozi, wakaiona ngumu na chungu, wakaiacha. Ganda lilikuwa safi kuliko ambavyo ningelisafisha mimi. Nilipiga magoti kwenye mavi ya kuku nikayaokota mapande kumi na moja, nikayatia kwenye sketi yangu. Mfuga kuku alinisaidia kutafuta la kumi na mbili, lilikuwa chini ya jogoo aliyelikalia.

Niliporudi, mume wangu bado yuko sakafuni. Nikamwaga maganda mezani mbele ya wifi. Wifi akachukua pande moja, akafumba macho, akapitisha kidole juu ya vinundu.

"Hili la begani," akasema. Akachukua jingine. "Hili la chini, limelalia udongo, vinundu vimelala. Hili linafuatana na hili. Wifi, una uzi?"

"Nina pini," nikamwambia.

Ndivyo tulivyolijenga upya boga la mama mkwe. Nilichukua beseni dogo la duara, nikaligeuza juu chini na kulivika taulo, na juu yake wifi akapanga mapande kwa vidole huku mimi nikiyabana kwa pini zilezile za kubania mashati ya wateja. Kila kinundu alikijua kilikokaa. Aliponiona nimeweka pande vibaya alinichapa mkono. Mwisho akafungua mkoba wake, akatoa kikonyo chenye uzi mwekundu, akakiweka juu katikati, na kikakaa. Kulikuwa na nyufa, kulikuwa na mahali kuku walipodonoa vinundu viwili, na pini zilionekana. Lakini lilikuwa lenyewe. Nilijikuta nalia, na wifi naye, halafu tukacheka kwa sababu boga lilikuwa linanuka banda.

Mume wangu akainuka. Akawasha taa zake mbili. Safari hii hakulifuta vumbi wala hakuliambia liinue kidevu. Alipiga pande nne za boga zima, kisha kila kipande cha ganda peke yake, akiwa ameisogeza taa moja ubavuni ili kila kinundu kitoe kivuli chake. Mimi na wifi tulisimama nyuma yake kama maaskari.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye kompyuta. Picha ilipofunguka, mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe. Nilimwona. Alikuwa hajui. Mshale ulishafika juu ya kinundu cha kwanza.

"We mtoto," wifi akasema.

Akaurudisha mkono na kuukalia. Akatumia wa kushoto kubonyeza kitufe cha kuchapisha, taratibu, kwa kidole kimoja. "Hizo pini je?" akauliza. "Pini si mama. Pini naweza kuzitoa?"

"Gusa uone," wifi akamjibu.

Kwa hiyo pini zilibaki, na mipasuko, na alama za midomo ya kuku. Ilikuwa picha ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja kutoka studio yetu jinsi ilivyo. Jioni ile mume wangu alifunga mlango bila kufuta kadi.

Ijumaa saa mbili na nusu tulikuwa wa kwanza kwenye foleni, tukiwa na mbegu kwenye kopo, picha kwenye bahasha ambayo niliiacha wazi, na maganda yenyewe kwenye sanduku la viatu. Mama wa fomu ni mwanamke mwembamba, hacheki hovyo. Alizitazama picha muda mrefu. Akafungua sanduku la viatu, akanusa, akalisogeza mbali kidogo.

"Mmelipasua halafu mkalibandika?"

"Ndiyo," akasema mume wangu. "Kosa ni langu. Nililitoa vinundu."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni uchafu," akasema.

Mama wa fomu akachukua kikonyo, akakiweka chini ya kioo cha kukuzia, akatazama uzi mwekundu na fundo lake. Akalinganisha pande moja la ganda na picha, kinundu kwa kinundu, kwa ncha ya kalamu. Saa ya ukutani ilisoma saa tatu na dakika arobaini. Kisha akavuta fomu na kuanza kuandika. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika, nimeisoma juu chini mwenyewe: Sampuli imepokelewa katika vipande. Ganda lina vinundu vingi sana.

"Jina la mbegu?" akauliza.

Wifi hakufikiri. "Kidevu cha Mama."

Mama wa fomu akaandika bila kuuliza. Kisha akachukua kopo na kupita nalo kwenye mlango mnene wa chumba cha baridi, nasi tukabaki tukiutazama mlango ule umefungwa. Wifi alinishika mkono. Nikamwambia asante, akaniuliza ya nini, nikasema ya vyote, tangu boga la kwanza.

Nilidhani yameisha. Lakini Jumamosi nilimkuta mume wangu amepanda juu ya kiti anapekua kabati la kamera za zamani. Alishusha mfuko wa ngozi wa kamera ya yule mzee aliyemfundisha, akafungua kifuko cha ndani, akatoa bahasha ndogo ya mbegu, ya karatasi ya kaki, na ndani yake kipande kimoja cha filamu.

"Si uliapa umezikata zote?" nikamuuliza.

"Za wateja nilizikata. Hii ilinishinda." Akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. "Siku zile nilikuwa narekebisha kwa brashi, kwenye karatasi. Filamu sikuwahi kuigusa. Mama yumo humu mzima."

Miaka yote hiyo tumelala nyumba moja, na sikuwahi kujua. Nilitaka kugomba, nikashindwa. Nilimletea chai.

Aliiweka filamu juu ya taa, akaipiga picha, akaigeuza kwenye kompyuta. Mkono wa kulia aliukalia tangu mwanzo, bila kuambiwa.

Jumapili tukapanda ghorofa nne kwenda kwa wifi. Alikuwa kati ya maboksi, mguu ameunyoosha juu ya stuli, na binti yake anapanga vikombe. Mume wangu akampa fremu iliyofungwa kwa gazeti. Wifi akaifungua, na mama mkwe akamtazama: kitambaa kimekaa upande, jicho moja dogo kuliko jingine, mikunjo yote, na kidevuni, upande wa kushoto, chunjua yake. Wifi aliweka kidole juu yake, kwenye kioo, akakiacha hapo. Mimi nilimwona mama mkwe mara ya kwanza tangu tumzike, maana hata mimi nilishaanza kumkumbuka yule wa brashi.

"Wifi," akasema mwishowe, bila kuondoa kidole, "niletee nyundo."

"Mama, mwenye nyumba hataki misumari ukutani," binti yake akasema.

"Nyundo, wifi."

Nikaileta. Mume wangu akasimama mbele ya dada yake, mikono imemning'inia, akasema, "Dada, asante. Kwa ile siku. Kwa boga na mimi."

Wifi akamtazama kutoka chini mpaka juu, kama aliyekuwa anampima kola.

"Shika msumari," akamwambia.